Gari la waya, manati na ng'ombe wa udongo: ni vya mababu kweli?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma, na nina mtoto wa kiume wa miaka saba. Sikukuu iliyopita nilimnunulia gari la rimoti pale Majengo. Siku ya tatu likawa limetupwa uvunguni. Nikatafuta waya, nikamkunjia gari kama lile nililokuwa nalo mimi zamani, na hadi leo analala nalo. Mama mkwe wangu amefurahi sana. Anasema hiyo ndiyo asili yetu, na kwamba toi za dukani ni ukoloni mtupu. Mimi najiuliza: gari la waya ni la asili kweli? Manati, gololi, mpira wa nailoni, mababu zetu walivichezea? Na kwa nini nilipomaliza kukunja ule usukani machozi yalinilengalenga, mtu mzima na ndevu zangu? La mwisho, nimejaribu kumfinyangia ng'ombe wa udongo mara tatu, kila akikauka miguu inakatika. Nakosea wapi?

Baba wa mwenye gari, Nkuhungu

JIBU

Marahaba, baba. Na kwa kuwa tuko Dodoma, mbukwenyi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa karibu na sanduku la bati ambamo nahifadhi vikorokoro vya namna hiyo: magari, pia, wanasesere wa gunzi, na ng'ombe kadhaa wasio na miguu. Kwa hiyo nikirefusha, nivumilie.

Mkwe habishiwi, lakini hapa ana haki nusu tu. Ng'ombe wa udongo ni wa mababu, tena mababu wa mbali. Gari la waya, manati na gololi si vya mababu. Vingi vya hivyo vimekuja na reli, baiskeli na chupa ya soda. Watoto waliokota kilichodondoka, wakakigeuza chao, na baada ya vizazi vitatu sote tukaapa kwamba kilikuwapo tangu Mungu aumbe mbuyu.

Chukua manati. Panda ya mti ipo tangu zamani, kipande cha ngozi kipo, jiwe lipo. Kisichokuwapo ni mpira unaovutika na kurudi. Utomvu mbichi wa mpira huwa unanata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi, haufai kurushia hata punje ya mtama. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear ndipo alipogundua kwamba ukiupika pamoja na salfa unatulia na kuwa mpira tunaoujua. Basi manati yoyote duniani, iwe ya Dodoma au ya London, haina umri mkubwa kuliko ugunduzi huo.

Sasa sikia jambo ambalo mimi hulipenda. Mpira wa manati zetu ulikatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Na tyubu ilitoka wapi? Mjini Belfast aliishi daktari wa mifugo, Mskoti aitwaye John Boyd Dunlop. Mwanawe alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu yenye matairi magumu, iliyokuwa ikimtikisa vibaya barabarani. Baba akachukua mrija wa mpira, akaujaza upepo na kuufunga kwenye gurudumu, na mwaka 1888 akapata hataza ya tairi la upepo. Matairi yote ya malori yanayopita hapa kwetu kwenda Singida na Mwanza ni ukoo wa lile la mtoto. Kwa hiyo mtoto wa Kigogo anayekata tyubu kuukuu ili apate manati hajaharibu kitu cha wakubwa, amekirudisha kwa watoto wenzake.

Nikae hapo hapo kwenye mpira kidogo, kwa sababu una mkia mrefu. Wajerumani walipotawala nchi hii walipanda mashamba makubwa ya mpira, mti wa jamii ya muhogo ulioletwa kutoka Brazili. Mwaka 1913 bei ikaanguka, kwa kuwa mashamba ya Asia yalitoa mpira mwingi na wa bei rahisi zaidi. Biashara ikafa, miti ikabaki, na majani yake watu wakayapika. Ukienda Morogoro au Tanga ukakaribishwa kisamvu cha mpira, unakula mabaki ya ndoto ile ya Wajerumani. Huku kwetu na mlenda wetu hatukuhusika sana.

Kabla ya manati babu wa babu yako alikuwa na nini? Alikuwa na kombeo, ile kamba yenye kikalio cha jiwe katikati, unaizungusha juu ya kichwa na kuachia ncha moja. Na haikuwa mchezo tu. Mtama na uwele vikianza kukomaa, watoto walipandishwa kwenye dungu shambani kuamia ndege, kutwa nzima, kwa sababu kundi la kweleakwelea likitua huna mavuno. Kombeo ilikuwa kazi iliyojaa mchezo, au mchezo uliojaa kazi. Mstari tunaouchora leo kati ya hayo mawili, mtoto wa dungu asingeuelewa.

Gari la waya lina kisa kirefu zaidi, maana waya wenyewe uliwahi kuwa utajiri katika Ugogo. Karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa hapa, na haikupita bure. Watemi wa Ugogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, nao wasafiri wa Kizungu kama Stanley, aliyepita mwaka 1871, walijaza vitabu vyao malalamiko kuhusu hongo hiyo. (Ukinywesha mamia ya watu na punda kwenye visima vya nchi yenye ukame kama hii, nadhani kutozwa ni halali. Lakini aliyeandika kitabu ni mgeni, si mwenye kisima.) Hongo ililipwa kwa vitu vitatu hasa: kitambaa cha merikani, shanga, na waya wa shaba. Waya ulikuwa bangili, ulikuwa pambo, ulikuwa akiba. Nani angempa mtoto wa miaka saba akiba ya nyumba akakunje matairi?

Halafu ikaja reli. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, na sambamba nayo zikaenda nguzo za simu. Mji wetu wa Dodoma kama mji ulizaliwa na ujenzi huo. Waya ukawa kitu cha kawaida: wa kufungia mizigo, wa uzio, wa kufungia mabati na mabanda. Thamani yake iliposhuka hadi kuwa takataka ndipo mtoto alipoupata. Toi nyingi duniani ziko hivyo, huanza pale kitu cha mkubwa kinapokosa bei.

Lakini waya peke yake hauzai gari. Lazima kwanza uone gari. Mzee mmoja wa Kongwa aliwahi kuniambia kwamba yeye cha kwanza kutengeneza utotoni hakikuwa gari, kilikuwa trekta. Nikacheka, kisha nikakumbuka mwaka. Kuanzia 1947 serikali ya Uingereza ilileta Kongwa mradi mkubwa wa karanga, na pamoja nao matrekta ya kila aina, yakiwamo yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita vilivyobaki baada ya 1945. Ardhi ikawagomea, mvua ikawagomea, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 36. Wakubwa wakabaki na deni na vyuma chakavu. Yule mzee akabaki na trekta la waya lenye magurudumu ya mabua, ambalo kwa maelezo yake halikukwama hata siku moja.

Watoto wa baadaye wakaunda walichokiona wao: Land Rover ya serikali yenye tairi la akiba juu ya boneti, lori la kubebea mazao, basi lenye keria. Kilele cha ufundi huo, mimi naona, kilikuwa miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, na sababu yake si nzuri. Baada ya vita vya Kagera nchi iliishiwa fedha za kigeni. Sukari ilipangiwa foleni, sabuni ilipangiwa foleni. Duka lisilo na sabuni litakuwa na toi? Kwa hiyo kizazi kizima cha wavulana kiliingia kiwandani kwa nguvu: fremu ya waya mnene, spiringi za waya mwembamba uliozungushwa kwenye msumari, matairi ya ndala iliyokatika, usukani wenye mkono mrefu unaofika kiunoni ili uendeshe ukiwa umesimama. Gari lilipimwa kwa kukata kona. Lisilokata kona liliitwa mkokoteni, na mwenye nalo alitaniwa hadi alifumue alianze upya. Enzi ya dhahabu ya gari la waya na enzi ya foleni ya sukari ni enzi moja. Hilo nalisema kwa makusudi, nitalirudia nikifika kwenye machozi yako.

Wakati huo huo, upande wa pili wa dunia kulikuwa na magari madogo ya chuma yaliyoitwa Matchbox. Hadithi yake ni fupi. Kiwanda cha Lesney cha London kilikuwa na fundi aitwaye Jack Odell, na shule ya binti yake iliruhusu mtoto kuleta kitu cha kuchezea iwapo tu kinaenea ndani ya boksi la kiberiti. Odell akamtengenezea mashine ndogo ya kushindilia barabara, wenzake binti wakaitamani, na kufikia 1953 magari ya saizi hiyo yalikuwa yanauzwa kwa jina hilo la boksi la kiberiti. Sisi tuliruka hatua moja. Boksi lenyewe la kiberiti lilikuwa gari: vizibo vinne, njiti mbili za ekseli, safari.

Na vizibo hivyo. Kizibo cha soda chenye meno kilipewa hataza Marekani mwaka 1892, mbunifu akiwa William Painter wa Baltimore. Alitaka soda isipoteze gesi, basi. Sidhani kama aliwahi kuota kwamba angewapa watoto wa Afrika magurudumu, kete za drafti na kile kichezeo ambacho naamini umekifanya: unaponda kizibo bapa kwa jiwe, unatoboa matundu mawili, unapitisha uzi, unafunga, unazungusha, kisha unavuta na kulegeza kwa mikono miwili. Kizibo kinavuma kama nyuki. (Tuliponoa ukingo wake tulikatia majani, na mara moja vidole.)

Kichezeo hicho ni cha kale sana mahali pengi duniani, kwa vifungo, mifupa, vigae. Miaka ya karibuni kimeingia maabara. Mhandisi Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa Uganda akaona mashine ya kuzungushia damu imegeuzwa kizuizi cha mlango, kwa kuwa kituo hakikuwa na umeme wa kuiendeshea. Akarudi kwake akiwaza mashine isiyohitaji umeme. Yeye na wenzake wakajaribu vichezeo vinavyozunguka, na aliyeshinda ni ndugu yake kizibo chetu: duara la karatasi lenye nyuzi mbili, linalozungushwa kwa mikono hadi kasi ya mizunguko 125,000 kwa dakika. Linatenganisha damu ndani ya dakika moja na nusu, na gharama yake ni kama senti 20 za Marekani. Walichapisha matokeo yao Januari 2017. Mwaka ule nilitembea na kizibo mfukoni nikiwaonyesha watu, wengi wakadhani nimeanza kuzeeka vibaya.

Gololi nitazipitia haraka. Za kioo zilianza kutengenezwa kwa wingi Lauscha, Ujerumani, katikati ya karne ya 19, kwa mkasi maalumu wa kukatia kioo kilichoyeyuka. Mashine ya kuzifyatua ikaja Akron, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Sisi wengine tulizipata za chuma, kutoka kwenye beringi zilizokufa pale gereji, na aliyekuwa na mjomba fundi aliheshimiwa kama mbunge.

Mpira nao umebadilika mbele ya macho yetu. Kabla ya nailoni ulikuwa wa matambara na kamba za katani. Halafu mifuko ya rambo ilipojaa kila kona, mpira wa chandimu ukawa mwepesi na haunywi maji ya mvua. Wengine walitia puto ndani ili udunde, wengine walitia kitu kilichokuwa kikigawiwa bure zahanati, nisiendelee, barua hii inasomwa na watoto. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki nchi nzima. Mazingira yamepona kiasi, mbuzi wamepona kabisa, lakini mpira wa nailoni ukaishiwa malighafi kwa siku moja. Watoto ninaowaona Chang'ombe sasa wamerudi kwenye matambara, safari hii ya mitumba, na sponji ya godoro katikati. Mwanahistoria hapati bahati ya kushuhudia mapinduzi kama hayo mara nyingi.

Sasa basi, kipi ni cha mababu?

Ng'ombe wako. Katika nchi hii ya mifugo, mtoto aliyepewa ndama achunge alikaa kwenye korongo siku nzima, na korongo lina udongo. Alifinyanga dume mwenye nundu, majike, ndama, akajenga zizi la vijiti, akahesabu mali. Udongo wake haukuchomwa, mvua ya Desemba ikaurudisha korongoni. Ndiyo maana huwezi kumchimba. Ng'ombe wa watoto wa Ugogo ni wengi kuliko ng'ombe wote waliowahi kuishi hapa, na hawajaacha hata mfupa.

Waliochoma wa kwao wameacha. Katika bonde la mto Indus, Pakistan ya leo, wachimbaji wa Harappa na Mohenjo-daro wamekuta ng'ombe na mikokoteni midogo ya udongo yenye zaidi ya miaka 4,000. Kuna hata la ajabu zaidi. Mexico, kabla Wahispania hawajafika, watu hawakutumia gurudumu kwa usafiri, mizigo ilibebwa na binadamu. Lakini wamekutwa wanyama wadogo wa udongo waliowekewa magurudumu. Wanazuoni wanabishana kama vilikuwa vya kuchezea au vya ibada. Kwa vyovyote vile, gurudumu lilikuwapo mikononi mwao likiwa dogo, na halikuwahi kukua likawa gari.

Mabua pia ni ya zamani: miwani, viti, vibanda vya mabua ya mtama baada ya mavuno. Pia ya kuzungusha ilikuwapo Misri ya kale. Mdako, ule wa kurusha kokoto moja na kuzoa nyingine, una ndugu Ugiriki ya kale, ambako walitumia vifundo vya miguu ya kondoo. Na ule mduara wa chuma tulioukimbiza kwa kijiti, ringi ya baiskeli, unaonekana katika mchoro wa Pieter Bruegel wa mwaka 1560 wenye michezo ya watoto zaidi ya 80, ila ni mduara wa pipa. Ringi ni mpya, kukimbia nyuma yake ni kwa kale. Mama mkwe wako angeielewa picha ile bila mkalimani.

Mwanasesere ni habari nyingine, na hapo ndipo neno la "kuchezea" linapotuponyoka. Wazaramo wana mwana hiti, kisanamu cha mti ambacho mwali hukaa nacho akiwa ndani, akikitunza kama mtoto kwa sababu anafundwa uzazi. Ukikiweka kwenye rafu ya toi umekosea. Na Barbie, aliyeingia sokoni Machi 1959 kwa mkono wa Ruth Handler, alinakiliwa kutoka kwa Lilli, mwanasesere wa Kijerumani aliyetokana na katuni ya gazeti na aliyeuzwa kwa watu wazima, wanaume hasa, kama mzaha. Kwa hiyo yule wa Kizaramo ni wa watu wazima kwa heshima, yule wa dukani alikuwa wa watu wazima kwa utani, na watoto wakawarithi wote.

Kuna hata yule dubu wa manyoya anayeuzwa Sabasaba akiwa ameshika moyo mwekundu. Jina lake la Kiingereza, teddy, ni kifupi cha jina la Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani, ambaye mwaka 1902 huko Mississippi alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kwenye mti. Magazeti yakachora katuni, maduka yakashona dubu. Miaka saba baadaye mheshimiwa huyo huyo alikuja Afrika Mashariki na mwanawe kuwinda, na kwa hesabu aliyoichapa mwenyewe waliua wanyama 512. Wangepatikana wa kufungwa kwenye mti, labda idadi ingepungua.

Nije kwenye machozi yako.

Hayo yana jina la kitabibu, na liliwahi kuwa jina la ugonjwa. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari, Johannes Hofer, aliandika tasnifu Basel, Uswisi, kuhusu vijana waliokuwa mbali na kwao na kudhoofika bila sababu inayoonekana. Akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu, akapata nostaljia. Dawa aliyoiona ya uhakika ni kumrudisha mgonjwa kwao. Kwako hiyo haiwezekani, kwa kuwa unakokutamani si mahali, ni mwaka.

Watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba watu waliovuka miaka arobaini hukumbuka kwa wingi mambo ya tangu miaka kumi hivi hadi thelathini ya umri wao kuliko yaliyofuata. Ongeza na hili: mkono una kumbukumbu yake. Vidole vyako vilikunja usukani ule kabla akili haijakumbuka namna, na mlango huo ukifunguka haufungui gari peke yake. Inatoka na harufu ya vumbi la Agosti, na sauti ya mtu aliyekuwa akikuita ule.

Lakini nakuomba uikague kumbukumbu hiyo kidogo. Nilikwambia gari zuri la waya na foleni ya sukari ni enzi moja. Kumbukumbu imehifadhi gari, foleni imeitupa. Imetupa pia waya uliochoma kiganja. Na imewatupa dada zetu. Magari yalikuwa ya wavulana. Wasichana walicheza rede na mdako pale walipopata nafasi, na mara nyingi hawakuipata, kwa kuwa walikuwa kisimani au mdogo wao alikuwa mgongoni. Wengi wao hawakuhitaji mtoto wa gunzi, walikuwa na mtoto kamili anayelia. Niliwahi kuonyesha sanduku langu kwa kundi la watu wa rika langu. Wanaume wakaligombania. Mama mmoja akaangalia tu, akasema, "Haya mlikuwa mnacheza saa ngapi?" Sikuwa na jibu, na bado sina.

Kwa nini basi mwanao amependa la waya? Si kwa sababu ya asili, mtoto wa miaka saba hajui asili. La rimoti linacheza lenyewe, yeye ni mtazamaji. Likigonga ukuta mara tatu hana la kulifanyia. La waya likipinda linakunjuliwa. Tena alikuona ukilitengeneza, ukajichoma, ukaguna, ukaanza tena. Hilo duka haliuzi.

Wala la rimoti usilitupe. Lifungue naye: ndani mna mota ndogo, nyaya mbili, kikalio cha betri. Mota hiyo ifunge kwenye ekseli ya nyuma ya gari la waya kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Mama mkwe akiuliza, mwambie mkoloni amepewa kazi.

Na miguu ya ng'ombe. Naamini umetumia udongo mweusi wa mbugani. Huo unavimba ukilowa na kunywea sana ukikauka, lazima upasuke. Tafuta udongo wa kichuguu, uponde, uchekeche kwa chandarua kuukuu, uchanganye na mchanga laini, konzi moja kwa konzi nne au tano za udongo. Ukande mpaka usinate mkononi, uufunge kwa kitambaa kibichi, ulale. Kesho yake usibandike miguu. Ivute kutoka kwenye bonge lile lile la kiwiliwili, mifupi na minene kuliko unavyotaka, kwa sababu itanywea. Ukilazimika kubandika, kwaruza pande zote mbili na upake uji wa udongo kabla ya kushikiza. Usimwanike juani. Upepo wa Dodoma ndio unaokukatia miguu, unakausha nje ndani kukiwa kubichi. Mfunike ndoo kivulini siku tatu nne, ukimgeuza kila jioni. Tundu za pembe zitoboe mapema na uziache pana kidogo, lakini miiba ya mgunga itie mwisho, akishakauka, kwa tone la gundi ya mti, maana udongo ukinywea juu ya mwiba kichwa kinapasuka. Weupe ni majivu, weusi ni masizi ya sufuria. Nundu iwe kubwa.